Malindi Yaita Nanyuki

Mji mzima wa Malindi uliijua sauti ya Nana Badi, lakini walioijua sura yake walikuwa wachache. Miaka hiyo ya themanini simu ya kwenda mbali haikupigwa kwa kidole. Ulinyanyua mkono wa simu, ukasikia, "Malindi, nikusaidie," ukamtaja unayemtaka, na Nana akachomeka waya ubaoni, akakutafutia Mombasa au Nairobi au Mariakani, popote palipokuwa na mtu wako. Wenye mahoteli walimwamkia kama jamaa yao. Wanawake ambao waume zao walikuwa Arabuni walimwomba asiikate laini mapema, na wakati mwingine walimlilia yeye kabla hawajampata mume. Kisha jioni akatoka kazini na buibui lake, akapita sokoni, akapita msikitini, akaingia mtaani kwao Shela, na hakuna aliyemgeuzia shingo.

Aliwahi kuolewa, ndoa fupi isiyokuwa na la kusimuliwa, akarudi kwa mama yake. Tangu hapo walikaa wawili, yeye na Bi Tumu. Usiku baada ya chakula Nana alimsimulia mama aliyoyasikia siku hiyo, bila kutaja majina, na mama akabahatisha ni nani. Alibahatisha vibaya kila mara, wakacheka. Mama alipofariki, mwezi wa mfungo pili, nyumba ikabaki na vyumba vyake na mtu mmoja. Kaka yake, Saad, alikuwa na familia yake Mambrui. Alikuja kila Ijumaa, akauliza kama kuna kinachopungua, akaambiwa hakuna, akaenda zake.

Kilichobaki cha kuitwa mazungumzo kilikuwa simu moja ya mchana.

Palikuwa na tajiri mwenye hoteli mbili, moja ufuoni Malindi na nyingine Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kila siku ya kazi, baada ya adhuhuri, mji ukiwa umelala, tajiri huyo alitaka aunganishwe na meneja wake wa huko. Na kila siku meneja hakuwa mezani kwake. Lazima atumwe mtu amtafute shambani au jikoni. Laini haiwezi kuachwa, maana ikiachwa haipatikani tena. Basi wakati meneja akitafutwa na tajiri akiagiza kahawa nyingine, hubaki watu wawili tu kwenye waya ule mrefu, Nana upande huu, na upande wa pili mwendesha simu wa Nanyuki. Kwa desturi ya kazi yao hawakuitana kwa majina.

"Malindi."

"Nanyuki. Umeonekana leo?"

"Umeonekana asubuhi, mweupe pe, kisha ukajifunika."

Nana alikuwa akiuliza habari za mlima. Na yeye Nanyuki alitaka habari za pwani: maembe yameanza? Bahari imeshabadilika rangi kwa maji ya mto Sabaki? Jina lake lilikuwa Kaingu, Mgiriama wa Kakuyuni, aliyepelekwa bara na kazi akasahauliwa huko. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa nyumbani, na Nana akikisikia alihisi kama amefunguliwa dirisha.

Alipomaliza siku za matanga akarudi kazini, simu ya mchana ilipofika Kaingu aliuliza, "Malindi, ulipotelea wapi?"

"Mama amefariki."

Nana akasikia uvumi wa laini, akadhani imekatika. Kisha ile sauti ikasema, "Nipo." Haikusema zaidi, wala hakuna aliyemwambia Nana neno bora kuliko hilo katika siku zote za msiba.

Ni Kaingu aliyeleta habari ya safari. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamepanga kupanda mlima mwezi wa Januari, pamoja na kiongozi anayeijua njia. "Njoo nawe, Malindi," akasema. "Uje uone barafu ambayo hakuna aliyeigandisha." Alisema kama mtu anayetania. Nana akajisikia akijibu, "Nitakuja."

Shekha, mke wa Saad, alipoambiwa alishika kiuno. "Mlima? Wewe ambaye ngazi za Posta zinakuhemesha?"

"Nitakwenda polepole."

"Kuna nini huko juu?" Saad akauliza.

"Barafu."

"Barafu hata kwa wavuvi ipo," akasema Saad. Lakini alimtazama dada yake, akaona jinsi alivyokonda tangu msiba. Siku ya safari alimpeleka mwenyewe hadi kituo cha basi na kumbebea mkoba.

Njia yote ile Nana hakujipa ruhusa ya kumfikiria Kaingu alivyo. Hata hivyo, bila kutaka, alikuwa amemfanya mrefu.

Hakuwa mrefu. Alimngoja stendi ya Nanyuki, mtu mfupi mwenye miwani na koti la kijivu, akamtazama kila mwanamke aliyeshuka, mpaka akabaki mmoja. "Malindi?" akauliza, na ile sauti ikatoka katika mdomo wa mtu asiyemjua. Kabla Nana hajaitika, mwanamke aliyesimama nyuma ya Kaingu akampita, akamkumbatia.

"Nana wa simu! Jamani, karibu! Pole sana kwa mama, dada yangu. Mimi ni Kahonzi. Na yule paka wako, alizaa wangapi mwisho wake?"

Nana akasimama ndani ya mikono ya yule mwanamke, baridi ikimwingia miguuni. Alizaa watatu, akasema. Kahonzi alijua kila kitu: kikohozi chake cha mwaka juzi, ugomvi wake na fundi wa paa, hata mchezo wa kubahatisha majina aliokuwa akicheza na mama yake. Alimuuliza kwa furaha ya mtu aliyepata ndugu. Nana hakuwahi kumuuliza Kaingu kama ana mke, na Kaingu hakuwahi kuficha kuwa anaye. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo lilimuuma zaidi, maana hata hasira hakuwa na pa kuiweka.

Mezani Kahonzi alizungumza, Kaingu akala. Akikutana macho na Nana, aliyarudisha sahanini upesi. Walipita siku ngapi wakizungumza? Na sasa mtu yupo mbele yake, na la kumwambia halipo.

Kesho yake gari likawapeleka mpaka mwisho wa barabara, msituni. Walikuwa watu sita na wachukuzi wao. Priscilla, mpiga chapa wa ofisi ya Kaingu, msichana wa miguu mirefu, alikwenda mbele na vijana watatu na kiongozi wa pili, wakiimba. Nana na Kaingu waliachiwa kiongozi Kirimi, Mmeru wa makamo mwenye viatu vya mpira na koti lililokuwa limevaliwa na watu wengi kabla yake. Kirimi alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa nyumbani, na roho yake yote ilikuwa huko.

"Mama, tembea kama mtu asiyekwenda mahali," akamwambia Nana. "Ukitaka kufika, utachoka."

Nana alikuwa amevaa suruali ya Saad ndani ya gauni refu, mtandio kichwani, na sweta la Kahonzi lililomfika mapajani. Walitoka kwenye miti wakaingia katika mianzi, wakalala kwenye vibanda vya mbao, na asubuhi wakafika mahali ambapo mlima uliinuka kama ukuta wa matope. Nyasi zilikuwa za mafungu, kila fungu kama kichwa cha mtu asiyechana nywele, na kati ya mafungu maji meusi. Unakanyaga fungu, linakuteleza, mguu unazama mpaka muundi. Kisha ukungu ukashuka, mzito, Nana asione ila mgongo wa Kirimi, halafu hata mgongo ule asiuone, bali asikie viatu vyake vikifyonza matope.

"Malindi," ikaita sauti nyuma yake.

Moyo ukamruka. "Nanyuki."

"Umeonekana leo?"

"Nani?"

"Mlima."

"Haukuonekana," akasema Nana. "Naukanyaga, lakini sijauona."

Kaingu akacheka, kicheko kile kile. Na ghafla mambo yakawa kama zamani. Akamwambia jinsi siku ya kwanza aliyofika Nanyuki alivyodhani mvuke unaotoka mdomoni mwake ni ugonjwa. Nana akamwambia ya mwanamke aliyekuwa akimpigia simu mumewe Maskati ili tu amsikilizishe mtoto akilia. Kaingu akamwuliza kama nyumba bado ina sauti za mama, maana yeye babake alipokufa alimsikia akikohoa uani mwaka mzima. Nana akasema ndiyo, husikia mlango wa jikoni. Hakuwa amemwambia mtu. Wakapanda hivyo, sauti mbele na sauti nyuma, na Nana hakuhisi matope wala pumzi.

Kisha upepo ukapiga, ukungu ukapasuka kama pazia bovu. Nana akageuka. Kaingu alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, suruali imelowa matope mpaka magotini, miwani imejaa ukungu, mdomo wazi. Wakatazamana. Neno lililokuwa njiani likarudi lilikotoka.

"Njia ina matope," akasema Kaingu.

"Ndiyo, ina matope," akasema Nana, akaendelea kupanda.

Jioni walifika bondeni, chini ya majabali. Mahali pale pana mimea isiyofanana na kitu kingine, minene kama nguzo, yenye vichwa vya majani makubwa na majani makavu yaliyoshuka chini kama sketi. Pimbi wanono walitoka maweni kuangalia nani amekuja na chakula. Nana akapiga tayamamu kwa jiwe, akaswali akiwa ameketi, maana kusimama na kurukuu kulimtia kizunguzungu.

Kulipokucha Kaingu hakuweza kuvaa kiatu. Kichwa kilikuwa kikimwanga, alitapika hata maji, na aliposimama aliyumba kama mlevi. Kirimi alimtazama machoni, akamwambia anyooshe mkono aguse pua yake. Akaikosa.

"Huyu anashuka," akasema Kirimi. "Sasa hivi, hata chai asingoje. Huku juu ugonjwa huu unaua."

Wachukuzi wawili wakamshika kwapani. Nana akachukua mkoba wake. "Nitashuka naye."

"Usishuke," Kaingu akasema, macho ameyafumba kwa maumivu. "Nikishuka kidogo nitapona, kila mtu hupona. Nenda wewe, utanisimulia." Akaongeza, "Kahonzi atataka kujua yote."

Wakashuka naye. Nana aliwatazama mpaka wakawa wadogo kama pimbi. Kundi la Priscilla lilikuwa limeondoka mapema. Bondeni hapakuwa na mtu ila yeye na Kirimi, aliyekuwa akikaza kamba ya mzigo.

"Unapanda au unashuka, mama?"

Nana hakuwa na sababu ya kupanda. Aliyemwita ameshuka. Lakini alipofikiria kushuka nyuma yao, kumfuata mume wa mtu kitandani kwa mkewe, akaona heri jiwe.

"Napanda."

Njia ile ilikuwa ya kokoto zinazokimbia. Unapiga hatua, zinakurudisha nyuma karibu yote. Pumzi haikushuka kifuani, iliishia kooni. Nana alihesabu nyuradi, akapotea, akaanza tena. Kirimi alisimama kila aliposimama yeye, akitazama bondeni kuelekea kwao, akisema, "Kama ni jike, nitamlea awe wa maziwa. Kama ni dume, basi." Nana hakuwa na pumzi ya ng'ombe wa mtu.

Na barafu ilipotokea, hakuijua. Alidhani ni jabali. Ilikuwa ya kijivu, imefunikwa vumbi na vijiwe, kubwa kama uwanja ulioinamishwa, na nyufa zake kwa ndani zilikuwa buluu kama chupa ya dawa. Chini ya ukingo wake maji yalidondoka tone tone. Akaisogelea akaweka kiganja. Haikunata wala haikuyeyuka upesi. Ilikuwa hapo kabla ya Malindi kuwa mji.

"Kaa hapa usisogee," Kirimi akasema. "Nitatazama kama wenzetu wamepita juu au pembeni." Akazunguka jabali, hatua zake zikaisha.

Hapo Nana akasikia kimya.

Masikio yake yalikuwa yamejaa watu tangu ujana. Hata usingizini alisikia mtu akisema, "Operata, operata." Nyumbani, kwa upweke wake wote, palikuwa na adhana, kuku, redio ya jirani, ule mlango wa jikoni. Hapa hapakuwa na kitu. Hata maji yale yaliyokuwa yakidondoka aliyasahau. Akaogopa, kama mtoto aliyeamka akakuta kitanda kitupu.

"Mama," akasema.

Sauti yake haikurudi wala haikwenda mbali. Ilifia pale pale mdomoni. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii alijua kwa yakini, kama anavyojua laini iliyokufa, kwamba upande wa pili hakuna mtu. Akalia. Siku za matanga alikuwa na wageni wa kuwapikia na jamaa wa kuwabembeleza, akalia kwa adabu. Sasa alilia vibaya, makamasi yakimganda mdomoni, mkono mmoja juu ya barafu.

Kirimi alimkuta hivyo. Akachuchumaa upande, akawasha sigara, akaivuta mpaka ikaisha.

"Kilele ni pale," akasema baadaye. "Wingu linakuja. Tukienda tutafika, lakini hatutaona kitu."

"Twende," akasema Nana.

Njiani walikutana na Priscilla na wenzake wakishuka, nyuso zimewaiva kwa jua. "Mama Malindi! Fanya haraka, kulikuwa kunaonekana mpaka mwisho wa dunia!" Wakampita wakiteleza na kucheka.

Nana alipofika kileleni palikuwa peupe pande zote. Majabali machache yenye unyevu, na baada yake weupe. Kirimi akampa mkono. "Hongera, mama. Sasa umefika."

Alifurahi, ndiyo. Na kama afanyavyo mtu yeyote aliyefurahi, akamtafuta moyoni wa kwanza kumwambia. Akaja Kaingu, lakini sasa Kaingu alikuwa na miwani na koti, na mke wa kumpelekea habari. Akaja mama. Akaja Saad, ambaye angeuliza kama alikula. Akaendelea kutafuta, mmoja mmoja, kama anayechomeka waya tundu baada ya tundu. Mwisho akamgeukia Kirimi.

"Ng'ombe wako anaitwaje?"

Uso wa Kirimi ukafunguka. Alimweleza habari za ng'ombe yule mpaka walipofika bondeni.

Nyumbani kwa Kaingu, Kahonzi alimkalisha jikoni, akamtia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Kaingu alikuwa amepona, amelala. Kahonzi alipasua malengelenge kwa sindano, taratibu, akasema bila kuinua macho, "Nisimulie wewe. Yeye atakuja kunisimulia, lakini hupunguza."

Nana akamsimulia yote, hata kilio. Kahonzi akaacha sindano, akasikiliza.

"Unajua," akasema, "mume wangu si mtu wa maneno. Akirudi kazini anakaa pale. Nikimwuliza habari, husema salama. Siku moja akaniambia, leo Malindi kasema hivi na hivi, nikacheka, naye akacheka. Tangu hapo ndiyo maongezi yetu. Paka wako, paa lako, mama yako. Jumapili ofisi ikifungwa, hatuna la kusema." Akamkausha Nana mguu kwa kanga yake. "Huku sina mtu. Nilikuwa nikikungoja kila jioni."

Nana alimshika bega. Kesho yake basi likaondoka naye.

Mchana wa kwanza aliporudi kazini, tajiri akaagiza kahawa, meneja akatafutwa.

"Malindi. Miguu imepona?"

"Imepona, Nanyuki. Na kichwa?"

"Kimepoa. Haya, nipe habari za huko juu, nipate la kupeleka nyumbani."

"Kahonzi nilishamsimulia."

Laini ikavuma. "Hakuniambia."

"Ulimwuliza?"

Kaingu akacheka kidogo, si kicheko kile. Nana akasema, "Mlete siku moja hapo ofisini, tuzungumze naye."

"Kahonzi? Aseme nini?"

"Muulize."

Meneja akafika, akihema. Nana akawaunganisha mabwana wawili, wakazungumza habari za magodoro.

Kahonzi hakuletwa. Maongezi ya mchana hayakukatika, ila yalifupika, yakawa salamu na hali ya hewa. Mwaka uliofuata Kaingu akapata alichokuwa akikiomba, uhamisho wa kwenda Kilifi. Kijana aliyekuja mahali pake Nanyuki alimwita Nana "madam", na meneja akitafutwa alikaa kimya.

Jumapili moja Nana akafunga safari ya Kilifi kumwona Kahonzi. Alimkuta uani katikati ya dada zake na shangazi zake, wanakuna nazi, wote wanasema kwa pamoja, naye amenenepa, anacheka kuliko wote. Alimpokea kwa furaha ya kweli, akamkalisha mahali pazuri, akampa wali na samaki. Lakini kila alipoketi naye aliitwa, na kila alipoitwa alikwenda mbio. Kaingu alikuwa ametoka. Wakati wa kuondoka Kahonzi alimjazia kikapu muhogo na maembe, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi ndani kabla Nana hajavuka barabara.

Ndani ya basi la kurudi Malindi, mwanamke aliyeketi karibu naye alimwuliza sweta lile zito mapajani mwake ni la nini, na joto hili. Kahonzi alikataa kulipokea, alisema abaki nalo.

"Nilipandia mlima," akasema Nana. "Mlima wa barafu, bara."

"Lahaula! Ukafuata nini huko?"

"Nilialikwa."

Mwanamke akageuka vizuri kwenye kiti. Basi Nana akaanza kumsimulia, toka msituni, mianzi, matope, ukungu. Mwenzake alisikiliza kwa makini, akiuliza na kushangaa. Walipofika Gede akajitanda kanga yake, akasema safari njema, akashuka. Walikuwa bado hawajafika kwenye barafu.